Chuma Hakiungui, Lakini Kinalainika: Historia ya Kukikinga na Moto

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara mwenye stoo yako pale senta,

Msimu huu nimeulizwa swali moja na vikundi vitatu tofauti, kila kimoja kwa maneno yake. Kikundi kinajenga ghala la mazao. Fundi wa kuchomelea amewaambia waachane na kenchi za mbao, waweke za chuma, kwa sababu mchwa hawali chuma na moto hauli chuma. La mchwa ni kweli. La moto ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Nitakujibu kwa njia ya historia, maana watu waliotangulia kuamini maneno ya fundi huyo walikuwa matajiri kuliko sisi, walikuwa na wahandisi wao, na bado waliangukiwa na mapaa. Tena humo ndani ya historia utakutana na kitu unachokifahamu vizuri sana, mfuko wa DAP. Vumilia kidogo tutafika.

Kwanza mkumbuke mhunzi wa majembe. Yeye anakijua chuma kuliko wengi wetu. Hasubiri kiyeyuke. Anavuta mivukuto, chuma kinaiva kuwa chekundu, anakitoa, anakigonga, nacho kinamtii. Chuma cha pua kinayeyuka kwenye nyuzijoto 1,500 hivi, na moto wa nyumba au wa ghala kwa kawaida haufiki huko. Mara nyingi unakuwa kati ya 800 na 1,000. Kwa hiyo fundi anaposema moto hauyeyushi kenchi, hasemi uongo. Lakini chuma kikifika nyuzijoto 600 nguvu yake imeshashuka chini ya nusu, na kikifika 700 imebaki chini ya robo. Hapo kenchi inajikunja yenyewe.

Na kabla ya kulainika, kinarefuka. Boriti ya chuma ya mita 10 ikipanda joto kwa nyuzi 500 inaongezeka urefu wa sentimita 6 hadi 7. Ikiwa imebanwa kati ya kuta mbili za tofali, itausukuma ukuta. Ndiyo maana wakati mwingine ukuta wa ghala linaloungua unaangukia nje, upande ule ule ambao watu wamesimama wakitazama.

Somo hili lilijulikana kwa gharama kubwa katika mji wa Chicago, Marekani. Jumapili usiku, tarehe 8 Oktoba 1871, moto ulianza kwenye banda la ng'ombe la familia moja maskini. Watu walieneza hadithi kwamba ng'ombe aliipiga teke taa ya mafuta akiwa anakamuliwa. Hadithi hiyo haikuthibitishwa, na mwaka 1997 baraza la mji likamsafisha rasmi mwenye ng'ombe. (Miaka zaidi ya 120 kusubiri kusafishwa jina! Na sisi tunalalamika hati za mashamba zinachelewa.) Moto uliendelea hadi tarehe 10. Watu wapatao 300 walikufa, majengo zaidi ya 17,000 yaliteketea, na karibu watu 100,000 walilala nje.

Mji ule ulikuwa wa mbao kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kuungua kwa mbao hakukumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni majengo ya katikati ya mji ambayo wenyewe waliyatangaza kuwa hayashiki moto. Yalikuwa na nguzo za chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu, kama miguu ya cherehani za zamani za kukanyaga. Chuma hicho ni kigumu lakini hakina unyumbufu. Kikipata moto mkali kinadhoofika. Na kikimwagiwa maji ya zimamoto kikiwa bado moto, kinaweza kupasuka ghafla kama chungu. Majengo yale yalianguka pamoja na yale ya mbao.

Walipojenga upya, wajenzi wa Chicago walianza kuvika chuma nguo. Nguo yenyewe ilikuwa udongo wa kuchoma. Walifyatua matofali mepesi yenye matundu katikati, wakayapanga kuzunguka nguzo na kuziba chini ya boriti, ili moto ukutane na udongo kwanza. Udongo ulioiva kwenye tanuri hauna cha kuungua tena, na ile hewa iliyo ndani ya matundu inachelewesha joto. Mwaka 1885 jengo la Home Insurance lilikamilika mjini humo, ghorofa 10, likiwa limebebwa na fremu ya chuma iliyofunikwa kwa matofali na mawe. Wengi wanalitaja kuwa mwanzo wa maghorofa marefu ya dunia. Husikii wakitaja udongo, lakini bila udongo ule hakuna mwenye akili ambaye angepanda ghorofa ya kumi.

Mtihani ulikuja Baltimore, Februari 1904. Moto ulikula majengo yapatayo 1,500 kwa siku mbili. Maghorofa yenye fremu ya chuma iliyovikwa udongo yaliungua vitu vyote vya ndani, madirisha yakatoka, lakini mifupa ilibaki imesimama, na mengine yakakarabatiwa na kutumika tena. Vigae vya udongo navyo havikutoka salama, sehemu nyingi vilipasuka na kudondoka. Wahandisi wakaanza kupenda zege badala yake, kwani linashikamana na chuma na haling'oki kirahisi.

Ubaya wa zege ni uzito. Ukivika kila boriti kwa zege, nusu ya kazi ya nyumba inakuwa kujibeba yenyewe. Kwa hiyo watu wakatafuta kitu chepesi cha kupulizia juu ya chuma, na kuanzia miaka ya 1930 huko Uingereza wakakipata kwenye asbesto. Nyuzi zake haziungui, zinapuliziwa kwa bomba, bei nafuu. Kwa miaka arobaini hivi ilionekana ndiyo suluhisho. Kumbe vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na baada ya miaka mingi linaleta saratani. Marekani ilikataza kuipulizia kwenye majengo mwaka 1973, na Uingereza ikaipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Nasimama hapa kidogo kwa sababu baadhi ya maghala ya zamani hapa kwetu bado yana mapaa ya mabati ya asbesto. Usiyapasue, usiyasugue kwa brashi, usiyatoboe kwa drili. Yakikutana na moto hupasuka kwa mlio na kutawanya vipande, kaa mbali.

Baada ya asbesto walirudi kwenye saruji na jasi, wakachanganya na vermikulaiti. Hili ni jiwe ambalo likipashwa joto linavimba na kuwa jepesi kama bisi. Ukienda kwa wenye vitalu vya miche ya nyanya na pilipili hoho utalikuta kwenye trei, wanalipenda kwa sababu linashika maji. Jiwe hilo hilo, likichanganywa na saruji, linapuliziwa kwenye boriti za viwanda. Halipendezi machoni, linaonekana kama kichuguu, lakini kazi linafanya.

Sasa tufike kwenye DAP.

Mwaka 1821 mkemia wa Ufaransa, Joseph Louis Gay-Lussac, alipewa kazi na mfalme Louis XVIII atafute namna ya kuzuia mapazia na vitambaa vya kumbi za maonyesho kushika moto. Wakati huo kumbi ziliwashwa kwa mishumaa na taa za mafuta, na kitambaa kimoja kikishika, watu wengi walikufa. Aliona kwamba chumvi za amonia zikiwemo fosfati ya amonia, na pia boraksi, zikiloweshwa kwenye kitambaa zinakifanya kiwe cheusi badala ya kuwaka. Fosfati ya amonia ndiyo jamaa ya mbolea unayoweka kwenye shimo la mahindi, ile 18-46-0. Ukiipasha moto, amonia inatoka kama hewa na inabaki asidi ya fosfori. Asidi hiyo inanyonya maji kutoka kwenye pamba au mbao na kuigeuza kuwa makaa kabla haijatoa ile hewa inayowaka. Unga wa mitungi mingi ya kuzimia moto, ile myekundu iliyopo kwenye vituo vya mafuta, ni wa ukoo huo huo.

Zaidi ya miaka mia moja ikapita. Mwaka 1938 wataalamu wa Kijerumani walipata hataza Marekani ya mchanganyiko wa kulinda mbao, ndani yake mkiwa na fosfati ya amonia, ambao ukipata moto unaumuka na kuwa povu la makaa. Huo ndio mzizi wa rangi za kuumuka, ambazo baadaye zilihamia kwenye chuma.

Zinavyofanya kazi utaelewa haraka kama umewahi kusahau sukari kwenye kikaango. Inaanza kuyeyuka, inakuwa kahawia, kisha inavimba kuwa kaa jeusi lenye matundu. Ndani ya rangi hii kuna vitu vitatu vikuu: fosfati inayotoa asidi, kitu chenye kaboni nyingi kinachofanya kazi ya sukari, na melamini, ambayo inatengenezwa kutokana na urea, yenyewe inafanya kazi ya hamira. Joto likifika nyuzi 200 au 250 hivi, asidi inatoka, inageuza ile kaboni kuwa makaa, na hewa ya melamini inaliumua kaa kama mandazi. Rangi ya unene wa milimita moja inaweza kuvimba mara 50. Chuma kinabaki nyuma ya godoro la povu jeusi, na joto linachelewa kukifikia. Linachelewa, halizuiliwi. Rangi hizi hupimwa kwa dakika: 30, 60, nyingine 90 au 120, kwenye tanuri ambalo joto lake hupandishwa hadi nyuzijoto 945 hivi kwa saa ya kwanza. Dakika hizo ni za watu kutoka na zimamoto kufika.

Najua kuna anayewaza: basi nikoroge DAP na rangi ya mafuta, nipake kenchi zangu. Tafadhali usifanye hivyo. DAP inavuta unyevu na kuyeyuka, wewe mwenyewe umeona mfuko ulioachwa wazi unavyoganda, na unyevu huo utaozesha chuma kwa kutu. Viwandani wanatumia fosfati iliyounganishwa kama mnyororo mrefu isiyoyeyuka kirahisi kwenye maji, na hata hivyo wanaifunika kwa rangi ya juu kuikinga na mvua. Na usidhani kila mbolea inazuia moto. Zenye naitreti hufanya kinyume: zinaulisha moto hewa. Mlipuko wa bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020 ulitokana na amonia naitreti tani zipatazo 2,750 zilizokaa ghalani. Wakulima wa korosho nao, salfa yenu ya unga inaungua vizuri sana na moshi wake unakaba koo. Visikae ghala moja na dizeli, wala na magunia matupu.

Turudi kwenye mapaa, maana hilo ndilo swali lenu. Mwaka 1960 Chicago, mji ule ule, walifungua ukumbi mkubwa wa maonyesho ya biashara unaoitwa McCormick Place. Paa lilibebwa na kenchi za chuma kitupu, bila nguo yoyote. Hoja ilikuwa kwamba lipo juu sana, moto wa chini hautalifikia. Usiku wa tarehe 16 Januari 1967, ukumbi ukiwa umejaa vibanda vya maonyesho ya vyombo vya nyumbani, mbao, karatasi na plastiki, moto ukashika nyuma ya kibanda kimoja. Mabomba ya maji ya zimamoto hayakuwa na maji ya kutosha. Paa likaanguka. Mlinzi mmoja alikufa. Fikiria ingekuwa mchana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Madrid, Hispania, kwa sababu jengo moja lilifanya jaribio lenyewe. Mnara wa Windsor ulikuwa na ghorofa 32, umejengwa miaka ya 1970. Katikati ulikuwa wa zege, lakini nguzo za pembeni zilikuwa za chuma kitupu. Mwaka 2005 mafundi walikuwa wanaendelea kuzivika kinga ya moto, wakianzia chini kwenda juu, na walikuwa wamefika ghorofa ya 17. Usiku wa tarehe 12 Februari moto ukaanza ghorofa ya 21. Uliwaka hadi kesho yake. Juu ya ghorofa ya 17, ambako chuma kilikuwa uchi, sehemu za pembeni ziliporomoka ghorofa kwa ghorofa. Chini ya hapo, ambako kinga ilikuwa imewekwa, nguzo zilisimama, ingawa moto ulishuka na kuunguza humo pia. Kulikuwa na ghorofa ya chini iliyorukwa, ya 9, kinga yake haijakamilika. Nguzo zake zilipinda, zikaokolewa na zege na nguzo nzima za jirani zilizobeba mzigo. Hakuna aliyekufa.

Kwa wauza petroli na dizeli wa vijijini nitasema neno moja tu. Moto wa mafuta haupandi taratibu kama wa magunia. Ndani ya dakika chache unapita nyuzijoto 1,000. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la kuchimbia mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, lililipuka, na chuma chake kikasalimu amri ndani ya saa chache, sehemu kubwa ikazama. Watu 167 walikufa. Kwenye majukwaa kama hayo leo wanatumia rangi nzito za epoksi, na moja ya zile za mwanzo ilitokana na utafiti wa kukinga vyombo vya anga vya Apollo visiungue vinaporudi duniani. Madumu ya petroli yaliyopangwa chini ya paa la stoo ya duka hayana kinga ya namna hiyo, na hakuna rangi ya kopo itakayoyafaa.

Basi ghala lenu. Kenchi za chuma wekeni, sina ugomvi nazo. Ila jueni kwamba mabomba membamba ya mraba yanapata joto haraka kuliko chuma kinene, kama sufuria jepesi na chungu. Rangi ya kuumuka ni ghali, na kadiri chuma kinavyokuwa chembamba ndivyo inavyotakiwa kupakwa nene. Hata Uingereza, penye sheria kali, chuma kinachobeba paa peke yake kwa kawaida hakilazimishwi kukingwa; wanachokazania ni watu watoke upesi. Kwa hiyo msimalize fedha za kikundi kwenye kupaka kenchi. Kama mtajenga dari la kuhifadhia mizigo na watu wanafanya kazi chini yake, hapo mambo yanabadilika, mwite mhandisi wa halmashauri.

Nguzo zijengeeni kwa matofali ya kuchoma, kama walivyofanya Chicago, au zivikeni zege la sentimita 5 hivi juu ya wavu wa chuma uliofungwa vizuri. Fundi akishauri kumimina zege ndani ya bomba la nguzo, akumbuke kuacha matundu madogo juu na chini. Unyevu uliofungiwa ndani ukipata moto unageuka mvuke na unaweza kupasua bomba. Ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu ni ya kutu tu. Na ukiuziwa rangi kwa jina la kuzuia moto, mwambie muuzaji akuonyeshe cheti cha vipimo kinachosema ni dakika ngapi, kwa unene gani wa rangi, kwenye chuma cha ukubwa gani. Akikwambia inazuia moto wowote milele, rudisha pesa yako mfukoni.

Wekeni milango miwili, pande mbili, inayofunguka kwa nje. Siku ya moto mtu mmoja asimame nje akitazama juu. Akiona mstari wa paa umelegea au akisikia chuma kinalia, wote watoke na magunia yabaki humo humo. Kenchi ya mbao nene huungua pole pole na inakupa muda wa kuiona ikichakaa. Ya chuma inaweza kubaki nzima machoni, kisha ikashuka kwa mara moja.

Na kabla ya kuingiza gunia la kwanza, chukueni kopo moja la rangi nyekundu mchore mstari kuzunguka kuta zote ndani, mita moja chini ya kenchi. Magunia yasipande kupita hapo. Msimu wa mavuno mwenye mzigo wa mwisho atalalamika; mwonyesheni mstari.